Garsen: Mwaniaji apimwe kwa daftari, si kwa kipaza sauti

KILA msimu wa kampeni unapowadia, barabara itokayo Malindi kuelekea Garsen, na kuendelea hadi Hola au Lamu, hujaa magari yaliyobandikwa picha za wawaniaji. Ahadi zinazotangazwa huwa karibu zile zile: maji, malisho, mbegu, barabara, hatimiliki za ardhi na ajira kwa vijana. Anayesikiliza mikutano mitatu kwa siku moja hupata taabu kumtenga mwenye sera na mwenye sauti tu.

Uchaguzi Mkuu ujao umepangwa kufanyika Agosti 10, 2027. Katika Kaunti ya Tana River, uchaguzi huo una uzito wa aina yake kwa sababu Gavana Dhadho Godhana, aliyechaguliwa mwaka wa 2017 na tena mwaka wa 2022, hawezi kuwania muhula wa tatu chini ya Katiba. Kiti cha juu kinapobaki wazi, wanasiasa wengi hutamani kupanda ngazi: mbunge hukitazama kiti cha gavana, diwani hukitazama cha mbunge, na nafasi wanazoziacha huvutia nyuso mpya. Kwa hiyo mpigakura wa Garsen huenda akakabidhiwa karatasi zenye majina mengi asiyoyafahamu vyema.

Swali ni je, atajuaje msimamo wa kila mmoja wao kuhusu uchumi kabla ya kumpa kura?

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo aghalabu huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini inawahusu wapigakura vilevile. Kura ni mali, na daftari lake lipo. Limetawanyika katika kumbukumbu rasmi za Bunge, ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, makadirio ya bajeti ya kaunti, Gazeti Rasmi la Serikali na maamuzi ya mahakama. Tatizo ni kwamba ni wachache wanaolifungua.

Huko Garsen, kutolifungua daftari hilo kumekuwa na gharama kubwa kuliko hasara ya fedha.

Mnamo Agosti 22, 2012, kijiji cha Riketa kilivamiwa na zaidi ya watu 50 wakauawa, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Mashambulizi ya kulipiza kisasi yaliendelea Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao hadi idadi ya waliofariki ikapita 100. Habari zilizosambaa zilikuwa kwamba Wapokomo ambao ni wakulima na Waorma ambao ni wafugaji walikuwa wamekosana kuhusu maji na malisho. Maelezo hayo hayakuwa ya uongo, lakini yalikuwa nusu ya ukweli. Nusu ya pili imo katika nyaraka.

Nyaraka zinaonyesha kwamba kabla ya majirani hao kugombania kingo za Mto Tana, maji na ardhi yao vilikuwa vimeamuliwa na watu wa mbali. Kati ya mwaka wa 1968 na 1988, mabwawa matano ya kuzalisha umeme yalijengwa katika sehemu ya juu ya mto: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Nchi ilipata umeme. Lakini mafuriko ya msimu, ambayo kwa karne nyingi yalirutubisha mashamba ya Wapokomo na kuotesha nyasi ambazo Waorma na Wawardei huzitegemea wakati wa kiangazi, yalibadilika.

Huku maji yakidhibitiwa juu, ardhi ya chini nayo ilikuwa ikigawanywa. Mamlaka ya Ustawishaji wa Mito ya Tana na Athi, inayojulikana kama TARDA, ilipewa eneo kubwa katika delta na kuanzisha mradi wa mpunga. Mafuriko ya El Nino ya mwaka wa 1997 na 1998 yaliharibu miundombinu ya mradi huo. Muongo mmoja baadaye, delta hiyo ikawa kama mnada. Mwaka wa 2008 kuliibuka mpango wa miwa wa TARDA na kampuni ya sukari ya Mumias. Mwaka huo huo iliripotiwa kwamba Qatar ilitaka hekta 40,000 za kilimo. Kisha kampuni ya Bedford Biofuels kutoka Kanada ikaja na mpango wa kupanda jatropha, mmea ambao mbegu zake hutoa mafuta ya kuendeshea mitambo.

Ni muhimu kuutazama mpango wa miwa kwa makini, kwa kuwa unatufunza jinsi ya kutumia rekodi za umma. Mradi huo ulikadiriwa kugharimu Sh24 bilioni na kuchukua takriban hekta 20,000. Wakazi waliahidiwa ajira, umeme na kiwanda. Halmashauri ya kitaifa ya mazingira, NEMA, iliuidhinisha mnamo Juni 2008. Wapinzani wake walikwenda katika Mahakama Kuu mjini Malindi na kupata amri ya kuusimamisha kwa muda. Mwaka wa 2009 kesi hiyo ilitupiliwa mbali, lakini kiwanda hakikujengwa. Kampuni ya Mumias yenyewe iliwekwa chini ya mrasimu mnamo Septemba 2019 baada ya kulemewa na madeni.

Mradi mmoja, basi, uliacha alama katika vitabu vingi. Kulikuwa na ripoti ya tathmini ya athari za kimazingira. Kulikuwa na faili ya mahakama. Kulikuwa na hesabu za TARDA, ambazo hukaguliwa kwa kuwa ni shirika la umma. Kulikuwa na ripoti za kila mwaka za Mumias, ambayo hisa zake zilianza kuuzwa katika soko la hisa la Nairobi mwaka wa 2001. Na kulikuwa na Bunge, ambalo wakati wowote lingeweza kumtaka waziri aeleze ni nani aliyegawa ardhi, kwa masharti gani na wafugaji wangepitia wapi kufika mtoni.

Mwanasiasa yeyote aliyekuwa na wadhifa wakati huo alikuwa na nafasi ya kusema jambo mahali panapoandikwa. Ama alisema, ama alinyamaza. Yote mawili ni ushahidi.

Tuchukue mfano wa seneta aliyechaguliwa mwaka wa 2022, Bw Danson Mungatana. Yeye aliwakilisha eneobunge la Garsen tangu uchaguzi wa 2002 hadi 2013, kipindi ambacho kinajumuisha mpango wa miwa na mauaji ya 2012. Gavana Godhana naye alikuwa mbunge wa Galole kati ya 2007 na 2013. Kutaja majina haya si kumshtaki wala kumsafisha yeyote. Ni kuonyesha kwamba wanasiasa waliokaa uongozini kwa muda mrefu wana kumbukumbu ndefu, na kwamba mpigakura hana haja ya kutegemea tetesi za kijiweni kuhusu waliyoyasema. Maneno yao yamo katika Hansard, siku kwa siku.

Hata hivyo, mtu hawezi kuzisoma rekodi hizi ipasavyo bila kujua kwanza kila kiti kina mamlaka gani. Wawaniaji wengi huahidi mambo ambayo kiti wanachokitafuta hakina uwezo wa kuyatenda. Isitoshe, wapo wanaolaumiwa kwa mambo ambayo hayakuwa mikononi mwao.

Mbunge wa Bunge la Taifa hupiga kura kuhusu kodi na bajeti ya serikali kuu. Mfano ulio wazi ni Mswada wa Fedha wa 2024. Mnamo Juni 25 mwaka huo, wabunge 195 waliuunga mkono na 106 wakaupinga, siku ambayo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hangeutia saini. Kura ile ilipigwa kwa kuhesabiwa, hivyo kila mbunge ana jina lake upande mmoja au mwingine, au hana kabisa kwa kuwa hakuwepo. Mkazi wa Garsen anayetaka kujua msimamo wa mbunge wake kuhusu kodi ataanzia hapo.

Lakini ajihadhari. Miswada mingi Bungeni huamuliwa kwa sauti: wanaokubali husema ndiyo, wanaopinga husema la, na Spika huamua upande ulioshinda. Majina huandikwa tu pale wabunge wa kutosha wanapodai kura ihesabiwe. Kwa hiyo, kukosa kuona jina la mbunge katika orodha ya waliopinga mswada fulani si thibitisho kwamba aliuunga mkono. Hapo itabidi msomaji aangalie hotuba alizotoa, marekebisho aliyopendekeza, maswali aliyowauliza mawaziri na kazi yake katika kamati.

Seneta naye hakupiga kura yoyote kuhusu Mswada wa Fedha, kwa kuwa miswada ya kutoza kodi ni ya Bunge la Taifa pekee. Kumuuliza seneta kwa nini alipandisha kodi ni kumwonea. Swali linalomfaa ni la ugavi wa fedha za kaunti. Mwaka wa 2020, Seneti ilivutana kwa miezi kadhaa kuhusu mfumo mpya wa kugawa fedha hizo. Waliotaka idadi ya watu ipewe uzito zaidi walikabiliana na waliotaka ukubwa wa eneo na umaskini vizingatiwe. Tana River, kaunti pana yenye watu 315,943 kwa mujibu wa sensa ya 2019, ilikuwa miongoni mwa kaunti ambazo zingepunguziwa mgao. Suluhu ilipatikana mnamo Septemba 17, 2020 baada ya serikali kuu kukubali kuongeza Sh50 bilioni ili kaunti zisipoteze. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, mgao wa Tana River ulikuwa takriban Sh6.5 bilioni.

Mjadala ule ulihusu maisha ya mkazi wa Garsen kuliko hotuba nyingi za kampeni, kwani mgao huo ndio unaolipa wauguzi, kununua dawa na kutengeneza visima. Mwaniaji wa useneta ana wajibu wa kueleza angesimama wapi, na aliyewahi kuwa seneta anaweza kuonyesha alikosimama.

Nguzo ya tatu, ambayo wengi huipuuza, ni Bunge la Kaunti mjini Hola. Kaunti ina wadi 15, na sita kati yake zimo Garsen: Kipini Mashariki, Kipini Magharibi, Garsen Kusini, Garsen ya Kati, Garsen Magharibi na Garsen Kaskazini. Madiwani wa wadi hizo ndio wanaopitisha bajeti ya kaunti, ndio wanaoidhinisha mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na ndio wanaopitisha sheria ya fedha ambayo huamua ada anayotozwa mfugaji anapopeleka ng'ombe sokoni au mkulima anaposafirisha maembe yake.

Kazi hiyo ina kalenda inayojulikana. Mpango wa maendeleo wa mwaka unapaswa kufika mbele ya Bunge la Kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya mikakati ya fedha hufika kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti itengewe maendeleo. Kisha, kila robo ya mwaka, Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti inayoonyesha kiasi kilichotumika kweli, zikiwemo fedha ambazo Bunge la Kaunti lenyewe limetumia kwa safari na marupurupu ya vikao.

Diwani anayetangaza jukwaani kwamba yeye ni mtetezi wa wafugaji anaweza kupimwa kwa urahisi. Je, katika miaka yake mitano, fedha zilizotengewa idara ya mifugo ziliongezeka au zilipungua? Zilipotengwa, zilitumika? Zisipotumika, kuna kumbukumbu ya diwani huyo akidai maelezo kutoka kwa waziri wa kaunti? Iwapo majibu ni la, la na la, basi utetezi wake ulikuwa wa kipaza sauti tu.

Hali kadhalika kuhusu ardhi. Mnamo Februari 2013, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu, katika kesi iliyowasilishwa na wakazi, aliagiza serikali na taasisi zake ziandae mipango ya matumizi ya ardhi ya delta kwa kuwashirikisha wenyeji. Miezi michache awali, mwaka wa 2012, delta hiyo ilikuwa imetambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar kama eneo oevu lenye umuhimu wa kimataifa. Mpango wa matumizi ya ardhi uliandaliwa katika miaka iliyofuata. Aidha, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 iliweka utaratibu wa jamii kusajili ardhi yao ili isigawanywe bila idhini yao.

Karatasi hizo zote ni bure iwapo hazina fedha wala mtetezi. Mwaniaji wa Garsen anayesema ana sera ya kilimo au mifugo, na hajui mpango wa matumizi ya ardhi unasema nini kuhusu malka, yaani zile njia za mifugo kushukia mtoni, bado hajaanza kuzungumza kuhusu uchumi wa mahali anapotaka kupawakilisha. Malka likizibwa na shamba, mfugaji hukosa maji. Ng'ombe wakipita nje ya malka, mkulima hukosa mavuno.

Yapo pia mambo ya hazina ya ustawi wa maeneobunge, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 2003. Mkaguzi Mkuu hukagua hesabu za kila eneobunge peke yake, Garsen ikiwemo, na ripoti hueleza miradi iliyokamilika, iliyokwama na ile ambayo stakabadhi zake hazikupatikana. Mnamo Septemba 2024, Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya sasa ya hazina hiyo, ya mwaka wa 2015, inakiuka Katiba, na suala hilo likapelekwa katika Mahakama ya Rufaa. Vyovyote itakavyokuwa hatima yake, ripoti za miaka iliyopita hazifutiki.

Je, mwaniaji mgeni ambaye hajawahi kuketi katika bunge lolote atachunguzwaje? Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Aliyekuwa afisa wa kaunti ataonekana katika ripoti za ukaguzi za idara aliyoisimamia. Mwanakandarasi anaweza kupatikana katika orodha za zabuni, kwani amri ya rais ya Juni 2018 ilizitaka taasisi za serikali kuchapisha majina ya kampuni zilizopewa kazi pamoja na wamiliki wake. Wakurugenzi wa kampuni hupatikana kwa kulipa ada katika idara ya usajili wa biashara. Aliyewahi kushtaki au kushtakiwa kuhusu ardhi, deni au zabuni anaweza kupatikana katika maamuzi ya mahakama ambayo huchapishwa mtandaoni bila malipo.

Ikiwa rekodi inayotafutwa haijachapishwa, sheria inampa raia nguvu ya kuidai. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na asiyejua kuandika asaidiwe na afisa husika. Ofisi inayoulizwa ina siku 21 za kujibu. Akinyimwa bila sababu ya kisheria, raia anaweza kupeleka lalama katika Tume ya Haki ya Utawala. Barua ya ukurasa mmoja iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu na kupelekwa Hola ni silaha ambayo wakazi wengi hawajui kwamba wanayo.

Ni kweli kwamba kazi hii ina mitego. Mtego wa kwanza ni majina. Katika Bunge la 12, lililohudumu kati ya 2017 na 2022, mbunge wa Bura aliitwa Ali Wario, mbunge wa Garsen aliitwa Ali Wario Guyo, na seneta wa Tana River alikuwa Juma Wario. Anayetafuta jina hilo kwa pupa anaweza kumbebesha mmoja maneno ya mwenzake. Sharti mtu ahakikishe eneobunge, bunge na tarehe kabla ya kunukuu.

Mtego wa pili ni kuchanganya swali na hukumu. Mkaguzi Mkuu anapoandika kwamba stakabadhi za matumizi fulani hazikuonekana, hajasema kwamba zimeibwa. Ameuliza swali. Huenda stakabadhi hizo ziliwasilishwa baadaye mbele ya kamati ya Bunge. Vivyo hivyo, mtu kushtakiwa si kupatikana na hatia. Anayeeneza rekodi nusunusu hana tofauti na mwanasiasa anayeahidi nusunusu, na katika eneo kama Garsen, ambako neno moja la uchochezi limewahi kuzaa misiba, uangalifu huu si anasa.

Mtego wa tatu ni lugha. Bajeti na ripoti za ukaguzi huandikwa kwa Kiingereza kigumu, ilhali wanaoathiriwa nazo huzungumza Kipokomo, Kiorma na Kiswahili. Katiba inakitambua Kiswahili kama lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ni haki ya wakazi kudai kwamba vikao vya kukusanya maoni kuhusu bajeti viwe na muhtasari wanaouelewa. Mwaniaji ambaye hajawahi kudai hilo hana msingi wa kulalamika kwamba wapigakura hawaelewi sera zake.

Kisha kuna pengo ambalo hata msomaji mwenye bidii hawezi kuliziba. Nchini Marekani, anayewania kiti cha bunge la jimbo hulazimika kutangaza waliomchangia fedha za kampeni, na mwandishi wa habari au mkazi wa kawaida anaweza kulinganisha orodha hiyo na kura zake. Nchini Kenya, Sheria ya Ufadhili wa Kampeni ilipitishwa mwaka wa 2013, lakini haikutumika katika uchaguzi wa 2017 wala wa 2022. Mnamo 2021 Bunge la Taifa lilizikataa kanuni za kuitekeleza. Kwa hiyo mpigakura wa Garsen anaweza kujua alichosema mwaniaji na alichopitisha, lakini hawezi kujua ni nani aliyegharamia magari, fulana na vipaza sauti vyake. Kwenye eneo ambalo ardhi yake imewahi kuwaniwa na mashirika makubwa, hilo ni pengo la kutisha. Nalo linaweza kugeuzwa kuwa swali: je, wewe utaunga mkono sheria hiyo itekelezwe, ndiyo au la?

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ndoto za wasomi, kwamba Tana River hupiga kura kwa ukoo na kabila, na kwamba hakuna karatasi itakayobadilisha hilo. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Mtu anayehofia kuondolewa kwenye ardhi yake humchagua wa kwao kwa sababu anaamini huyo ndiye atakayemlinda. Uoga huo una mantiki.

Lakini rekodi zenyewe ndizo zinazoujibu uoga huo. Mabwawa yalipobadilisha mafuriko, hayakuuliza nani ni Mpokomo na nani ni Mwardei. Mpango wa miwa ulitishia mashamba na malisho kwa pamoja. Barabara ya Lamu inapokatika kwa mafuriko karibu na Gamba, kama ilivyotokea mwishoni mwa 2023, mwenye maembe na mwenye mbuzi hukwama upande mmoja. Anayesoma nyaraka za miaka 50 iliyopita ataona kwamba mara nyingi hasara kubwa ilitokana na maamuzi yaliyopitishwa huku wakulima na wafugaji wakitazamana kwa chuki badala ya kuwatazama waliokuwa wakitia saini.

Kwa msingi huo, kigezo cha kumpima mwaniaji wa Garsen kiuchumi kinaweza kufupishwa. Je, kuna mahali popote katika rekodi ambapo ametetea maji, ardhi au fedha kwa namna iliyowafaa mkulima na mfugaji kwa pamoja? Kama amewahi kuwa na wadhifa, jibu liko kwenye Hansard, bajeti na ripoti za ukaguzi. Kama ni mgeni, aandike msimamo wake sasa, autie saini na auache kwa wazee, viongozi wa dini na vikundi vya vijana wa kila wadi, ili mwaka wa 2032 usomwe mbele yake.

Kazi hii haihitaji mtu mmoja aifanye yote. Mwalimu wa shule ya upili anaweza kuchukua Hansard, muuguzi aliyestaafu achukue ripoti za Msimamizi wa Bajeti, na wanafunzi wa vyuo walio likizoni wachukue maamuzi ya mahakama. Tangu katikati ya miaka ya 2000, shirika la Mzalendo limekuwa likifuatilia kazi za wabunge na kuonyesha kwamba raia wanaweza kulifanya jambo hili bila kibali cha mtu yeyote. Kinachohitajika ni kuanza mapema, kabla ya vumbi la kampeni kutanda.

Wawaniaji wataendelea kuahidi, kwani hiyo ndiyo kazi yao. Kazi ya mpigakura ni kuuliza ukurasa gani, tarehe gani na kiasi gani. Atakayeudhika na maswali hayo matatu atakuwa amejibu la nne ambalo hakuulizwa.